Ubeti wa Pili

Wiki nzima Mwajabu aliutembeza wimbo uliokuja kumtukana, na aliutembeza kwa mdomo wake mwenyewe.

Aliusikia mara ya kwanza kwa Cornel, fundi redio ambaye kibanda chake kilipakana na banda lake la mkaa pale Kizota, kwenye barabara ya vumbi iliyojaa mafundi wa kuchomelea vyuma. Ilikuwa asubuhi. Alikuwa anampimia mteja, kisado kiko mkononi, mtangazaji akasema sasa tumsikilize binti wa hapa hapa Dodoma, Nai, na wimbo wake wa kutunza mazingira. Sauti ilipoanza, Mwajabu alimwaga mkaa nje ya mfuko. Ilikuwa sauti ya Naima, kitindamimba wake, anayesoma chuo na kuishi chumba cha kupanga Area D.

Mti wangu, kivuli changu,
babu alikuacha hapa,
ukianguka wewe leo
kesho nitakaa wapi?

Redio ilirudia kiitikio mara mbili, kisha ikaingiza tangazo la sabuni. Kwa Mwajabu ilitosha. Aliyenunua mkaa aliambiwa, "Huyo mwanangu." Asiyenunua aliambiwa pia. Alimwomba Cornel autafute wimbo wenyewe, awarushie watu kwenye simu zao, na Cornel akaahidi. Kila saa ya kipindi kile ilipofika, Mwajabu alipaza sauti, "Cornel, ongeza sauti, baba! Mtoto anaimba!" Wala hakuona ajabu muuza mkaa kuusifia wimbo wa miti. Aliishia darasa la saba tu, lakini macho alikuwa nayo. Miaka kumi na saba alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa akitazama magunia yanavyoshushwa. Zamani mkaa ulikuwa wa mgunga mzima, mzito, ukigonga kipande kwa kipande unalia kama chuma. Siku hizi ni vijiti, na nusu ya gunia ni chenga. Wachomaji waliokuwa wanafika kwa baiskeli sasa wanatoka mbali, wanakuja kwa lori. Miti ilikuwa inakwisha, na hakuhitaji redio kumwambia.

Jumatatu Cornel akaupata wimbo mzima. Akatoa spika mbili nje, akaufungulia mpaka mabati yakatetemeka. Kiitikio kikapita, Mwajabu akitingisha kichwa. Ubeti wa kwanza ukapita. Ukaja wa pili.

Kaa kando, muuza mkaa,
mikono myeusi, moyo mweusi,
umeiuza mvua ya wanangu
kwa kisado cha leo.

Mafundi wa ng'ambo ya barabara walizima mashine zao ili wasikie vizuri. Mmoja akapiga kofi pajani.

"Hee! Mama Nai! Si ulisema tuongeze sauti?"

"Mwanangu huyo! Mwanangu huyo!" mwingine akaiga sauti yake, na wote wakaangua kicheko.

Cornel aliuzima, lakini alichelewa kidogo, na Mwajabu aliliona lile tabasamu alilolimeza. "Mimi sikujua, mama. Wallahi nimeupata hivyo hivyo."

"Wewe Mkristo, wallahi umeitoa wapi?" Mwajabu alisema. Akaendelea kupima mkaa wa mteja ambaye hata hakuwepo.

Kufika Jumanne jioni alishakuwa na jina. Watu wazima, wenye ndevu, walisimama mbele ya banda na kusema, "Nipimie kisado, Moyo Mweusi." Wanawake hawakumwita hivyo usoni, walinyamaza tu akipita, naye alijua kunyamaza kwao kulikuwa na nini ndani. Aliwajua wote. Alijua nani ana mtungi wa gesi sebuleni wa kuonyesha wageni na bado maharage yake yanaiva kwa mkaa. Alijua nani humtuma binti wa kazi na mfuko mweusi ili majirani wasione. Hao ndio waliokuwa wanaimba ubeti wa pili wakifua.

Lakini hao angewavumilia. Kilichomnyima raha ni Jumamosi. Kulikuwa na shirika la mazingira lililotangaza sherehe ya kupanda miti kwenye uwanja wa shule ya msingi, karibu kabisa na banda lake, na Naima alikuwa amealikwa aimbe. Mtaa mzima ungekuwepo. Jina la kuzushwa na mafundi huchoka lenyewe baada ya mwezi. Jina ulilopewa na binti yako kwenye kipaza sauti, mbele ya wageni, utazikwa nalo. Hilo lilikuwa jambo moja tu alilolitaka kwa Naima: ule ubeti usiimbwe Jumamosi.

Alhamisi akafunga banda mchana, akapanda bajaji hadi Area D bila kuoga.

Naima alifungua mlango akiwa na simu sikioni, akaikata. "Shikamoo mama. Mbona hukusema unakuja?"

"Marahaba. Funga mlango."

Chumba kilikuwa safi. Pembeni palikuwa na jiko la gesi la plate mbili na mtungi mdogo, ambao Mwajabu aliununua mwenyewe mwaka jana kwa mkaa wa masika, ili mtoto asisome huku akipuliza jiko. Alikaa kitandani, akaweka viganja vyake juu ya magoti, vimefunguka.

"Hii mikono ni ya nani?"

Naima alielewa mara moja. Alitazama chini. "Mama, huo ni wimbo. Siyo wewe."

"Unamjua muuza mkaa mwingine? Nitajie mmoja. Mtaje jina nikamsalimie."

"Ni watu kwa ujumla. Ni jamii. Tuliambiwa chuoni tuandike kitu kinachogusa."

"Kimegusa."

"Mama..."

"Moyo mweusi, Naima? Mikono nakubali. Sabuni imeshindwa, ninyi wenyewe mmeona. Moyo uliuona lini? Ulipolala na homa ya matumbo nikakubeba mgongoni hadi hospitali, ulikuwa unauchungulia?"

Naima alianza kulia, kisha akakasirika kwa kuwa analia. "Na wewe unajua kabisa miti inakwisha! Umesema mwenyewe, mara ngapi? 'Mkaa gani huu, vijiti vitupu.' Umesema au hukusema?"

"Nimesema kwangu, nimekaa kwenye ndoo yangu. Sikusema kwenye redio."

"Kwa hiyo nikae kimya kwa sababu mama yangu anauza?"

"Imba miti. Imba mvua. Imba wanaochoma, imba wanaokata, imba na sisi tunaouza, lakini umeona wapi ubeti wa mtu anayenunua? Anayepika? Hata mmoja hakuna. Mvua nimeiuza mimi peke yangu, na Dodoma nzima imekula wali mbichi."

Naima alifuta uso kwa ukingo wa dera. "Siwezi kuutoa. Walioniita ndio walioupenda huo ubeti. Wamesema ndio wenye ujumbe."

"Haya." Mwajabu alinyanyuka. Kwenye shuka jeupe palibaki alama ya alipokaa, nyeusi, na hakuomba radhi. "Basi Jumamosi utauimba mimi nikiwa nimekaa mbele yako. Siti ya kwanza."

Ndani ya bajaji, akirudi, ndipo alipomkumbuka baba yake, naye hakutaka kumkumbuka.

Alikulia Kolo, kwenye milima ya Kondoa, miaka ile makorongo mekundu yalipokuwa yanakula mashamba hadi karibu na nyumba. Kukatoka amri kwamba mifugo yote iondoke, ardhi ipumzike. Mzee Khamisi, baba yake, alikuwa na ng'ombe kumi na mmoja. Ulipoitishwa mkutano, mwalimu aliandaa wimbo wa shule, akamchagua Mwajabu aongoze kwa sababu alikuwa na sauti. Hakuwa na miaka kumi. Alisimama mbele ya wazee wa kijiji, kifua mbele, akaimba kwamba ng'ombe wameula mlima na mwenye ng'ombe ni adui wa udongo. Wageni walipiga makofi. Mwalimu akampa raba nyeupe, viatu vyake vya kwanza maishani.

Baba yake alikuwa amesimama nyuma na fimbo yake. Kabla ya siku ile alikuwa na mazoea, kila akirudi kutoka zizini, ya kumwambia Mwajabu amwimbie chochote wakati anakunywa maziwa. Nyumbani Mwajabu alimwonyesha raba. Mzee alizitazama, akasema, "Zivae." Basi. Wiki ile akawaswaga ng'ombe kwenda kwa ndugu wa mbali, bondeni, akarudi baada ya msimu mzima, bila fimbo. Hakumpiga wala hakumgombeza. Hakumwomba tena amwimbie, mpaka anaingia kaburini.

Na nyasi ziliota. Hilo ndilo lililokuwa baya kuliko yote. Milima ya Kolo ilirudi kijani, kila mtu aliiona. Kwa hiyo hakuwa na pa kuanzia kuomba msamaha, kwa maana wimbo ulikuwa wa kweli.

Ijumaa asubuhi akaja Edina, mpishi wa sherehe zote za mtaa, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita watu shambani. Misiba, harusi, kipaimara, yeye ndiye mwenye masufuria. Akasimama mbele ya banda kama kawaida.

"Mama Naima, magunia mawili, ya mkaa mzuri. Nipelekee shuleni kesho alfajiri. Ni pilau ya wageni wa miti."

Mwajabu alimtazama ili aone kama anatania. Edina hakuwa anatania. Alikuwa anahesabu vitunguu kichwani. Miaka yote pilau ya mtaa hupikwa kwa mkaa wa Mwajabu, na hakuna aliyeketi akafikiri kwamba safari hii sherehe yenyewe ni ya kuupiga vita mkaa.

"Wageni wa miti," Mwajabu alisema.

"Ndiyo. Wako themanini. Uchague mgumu, usiwe chenga, usije ukaniaibisha."

Akalipa palepale. Mwajabu akazifunga zile pesa kwenye pindo la kanga, na kesho yake alfajiri magunia yakapelekwa.

Ilikuwa Juni. Mvua zilishaondoka tangu Aprili, upepo wa Dodoma ulikuwa unavuma na vumbi lake, baridi inakata masikio, na hapo ndipo shirika lilipoona ni wakati wa kupanda miti. Mashimo mia mbili yalichimbwa kwenye udongo mkavu kama tofali. Pipa la maji lililetwa kwa guta la matairi matatu. Wageni walivaa fulana za kijani zenye maneno kifuani, wakashika kila mmoja mche wake, wakapigwa picha, wakanawa mikono. Mwajabu aliyaona yote akiwa siti ya kwanza. Alikuja na nguo zake za kazi. Hakunawa.

Mshereheshaji alikuwa kijana aliyeitwa Fredy, mwenye miwani ya jua na meno mengi. "Sasa," akapaza sauti, "binti yenu, fahari ya Kizota! Nai!"

Naima alipanda jukwaani na kipaza sauti kisicho na waya, cha Cornel, maana spika zote zilikuwa za Cornel. Macho yake yalitafuta, yakampata mama yake, yakakwama hapo. Mwajabu hakupepesa. Aliweka viganja vyake wazi juu ya magoti, kama alivyofanya kitandani kule Area D.

Kiitikio kikaimbwa, uwanja wote ukaitikia. Ubeti wa kwanza ukaimbwa. Mdundo ukazunguka, ukafika mahali pa ubeti wa pili, na Naima akashusha kipaza sauti.

Hakuimba. Alisimama tu, mdomo umefungwa, mdundo unapiga mtupu. Mwajabu aliinua kidevu. Alitaka kumwambia ahsante kwa macho.

Ndipo wakaanza wenyewe. Sauti ya kwanza ilitoka nyuma, kwa mafundi: "Kaa kando, muuza mkaa..." Kisha wanawake wa mtaa, kisha wanafunzi waliopangwa mistari na walimu wao. Walikuwa wanaujua wote, kila neno. Fredy alifurahi sana. Aliruka juu ya jukwaa akiwapungia mikono. "Mnaujua! Mnaujua! Tena!" Nao wakauimba tena, na vidole vikanyooshwa siti ya kwanza, kwa kicheko, kama kwenye ngoma. "Mikono myeusi! Moyo mweusi!" Mgeni mmoja mwenye fulana ya kijani, asiyejua lolote, alimgeukia Mwajabu akitabasamu na kupiga makofi mbele ya uso wake.

Mwajabu alisimama. Watu walidhani anakwenda kwake, wakamzomea kidogo. Hakwenda kwake. Alizunguka nyuma ya madarasa, ambako Edina alikuwa na majiko matatu makubwa na masufuria matatu, huku akiimba ubeti wa pili na mwiko mkononi.

"Edina, epua."

"Niepue nini?"

"Masufuria. Yote."

"Mama Naima, una wazimu? Mchele ndiyo kwanza umeanza kunywa maji!"

Mwajabu alifungua pindo la kanga, akaweka pesa za magunia mawili juu ya mfuniko wa sufuria. "Mkaa huu una moyo mweusi. Umeuza mvua. Siwezi kuwapikia nao watu wasafi."

"Ah, ule ni wimbo tu, mwenzangu, usichukulie hivyo..."

"Epua, Edina, nisije nikamwaga."

Edina alimtazama usoni, akaepua. Mwajabu akachukua koleo na karai, akachota makaa mekundu, jiko baada ya jiko, hadi majiko yakabaki majivu. Akalivuta karai hadi kwenye pipa la maji ya miche, akachota ndoo, akamwagia. Mvuke ulilia na kupanda juu ya paa la darasa, na watu wa uwanjani wakageuza shingo. Akachota ndoo ya pili. Magunia yalikuwa na mabaki, akayafunga mdomo ili yasichotwe tena.

Naima alifika anakimbia, dera amelishika kwa mkono mmoja. Alitazama majiko, akatazama masufuria, mchele umeelea kwenye maji.

"Mama! Umeniaibisha mbele ya watu wote!"

"Wewe umeanza."

"Si niliunyamaza? Hukuona? Niliunyamaza kwa ajili yako!"

"Uliunyamaza ukiwa umeshawafundisha." Mwajabu alikuwa anahema. Kanga ilikuwa imelowa, uso umejaa majivu. "Nisikilize, maana nitasema mara moja. Babu yako nilimwimbia hivi hivi, mbele ya watu, habari za ng'ombe wake. Ilikuwa kweli nilichoimba. Akanyamaza mpaka nikamzika. Mimi sinyamazi. Umeniumiza, Naima. Umeniumiza sana, na ya miti uliyosema ni kweli, na bado umeniumiza. Umesikia?"

Naima alifuta macho kwa kiganja.

"Umesikia?"

"Nimesikia."

"Basi shika upande huo. Karai zito."

Naima alishika sikio moja la karai, mama yake lingine. Mkaa uliolowa ulichuruzika maji meusi kwenye viatu vyeupe vya jukwaani. Hapakuwa na njia nyingine ya kutokea ila katikati ya uwanja, mbele ya wageni waliokwisha kugawiwa sahani tupu. Walipotokeza tu, mafundi wakalipuka.

"Moyo Mweusi huyoo! Leo kapata na msaidizi!"

"Mama Nai, tuachie hata ukoko!"

Naima alisimama, akawageukia, akawatukana kwa Kirangi, lugha ya kwao Kondoa. Lilikuwa tusi kubwa, la zamani, linalotaja bibi wa mtu na mahali pake, tusi alilowahi kulisikia kwa mama yake mara moja tu, siku mchomaji mmoja alipowaletea gunia la mawe. Na kwa kuwa mkono mwingine bado ulikuwa umeshika kipaza sauti cha Cornel, na spika nne zilikuwa zinapiga, tusi lile lilisikika shule nzima, likarudi kutoka ukutani, na mzee mmoja wa Kondoa aliyekuwa amesinzia chini ya turubai akaamka na kusema, "Astaghfirullahi."

Waliocheka walikoma. Mwajabu alivuta karai. "Twende," alisema. "Na hicho kizime."

Walilipita banda, wakaenda moja kwa moja hadi nyumbani, na Naima alinawa mikono yake kwa muda mrefu uani, akibadilisha maji.

Jumatatu Cornel alikuja kufuata kipaza sauti chake. Mafundi wa ng'ambo walikuwa wanachomelea geti, na hakuna aliyeita jina lolote. Mwajabu alikitoa chini ya ndoo, akampa. Cornel akasema anahitaji na mkaa kidogo, mkewe amekwama. Mwajabu akampimia kisado cha ule uliolowa Jumamosi. Hakumsalimu.